Namba Isiyocheza

Turasih alipewa jina la bibi mzaa baba, na wenzake shuleni hawakumwacha apumue. Wasichana wa rika lake wana majina marefu ya kuvutia, yale ambayo mwalimu akiita mahudhurio anameza mate katikati. Lake yeye ni jina la kikongwe. "Bibi Turasih, magoti yanaendeleaje leo?" walikuwa wakimwuliza akija kwangu kununua tempe, vipande vya soya vya kukaanga. Naye anajibu, "Yanauma kwa kuwabeba nyinyi," kisha anachagua kipande kilichoungua pembeni, maana ndicho anachokipenda.

Mimi ni Bu Casmi wa kantini; Bu kwetu ni mama, kama Pak alivyo baba. Kantini yangu imeegemea ukuta wa darasa la ufugaji katika shule ya ufundi ya hapa kwetu, nje kidogo ya mji wa Brebes, kwa hiyo ninayoyasikia msiyaite umbea. Ukuta ni mwembamba, na masikio yangu bado mazima. Nilichokisikia kuliko vyote kwa miaka niliyokaanga hapo ni sauti ya Pak Rokhim, mwalimu wao, akiuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima likijibu kwa pamoja, "Tumeelewa, Pak!" Halafu kengele inalia, wanamiminika kwangu, na wa kwanza anamwuliza wa pili, "Kwani alikuwa anasema nini?"

Msiwacheke. Hata mimi ndivyo nilivyolelewa. Kumwambia mkubwa kwamba hujaelewa ni kama kumwambia hakueleza vizuri, na nani ana uso wa kufanya hivyo? Unajibu ndiyo, unainamisha kichwa, unakwenda kutafuta maana njiani.

Turasih hakuichagua kazi ya bata. Alitaka darasa la kompyuta, likawa limejaa. Baba yake, mkulima wa vitunguu kama nusu ya wanaume wa hapa, alikuwa ameshajisifu kwa majirani kwamba binti yake atafanya kazi chumba chenye ubaridi. Kaka yake akamwuliza, "Sasa ukihitimu bata unakuwa nani? Bata mkubwa?" Alilia siku nzima, kisha akaja shule na buti za mpira za baba yake zinazomvuka magoti. Nilimpenda tangu siku ile. Mtu anayelia akamaliza namwamini kuliko anayecheka tangu asubuhi.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu. Alipenda kufunua. Sufuria yangu ikichemka, atafunua. Ukimwambia chumvi imekolea, ataonja. "Huniamini?" nilimwuliza siku moja, nikiwa nimeshika mwiko na hasira zangu. "Nakuamini, Bu," akasema, "ila sufuria siijui."

Mwaka wake wa mwisho, vijana wa umeme wa mwaka wa pili waliwatengenezea mashine mpya ya kutotoleshea mayai. Ilikuwa kabati la mbao lenye balbu za kutia joto, feni ndogo, na kijidude cha kupima joto kilichotuma namba hadi kwenye simu. Aliyeitengeneza hasa ni Anggit, kijana mwembamba mwenye nywele zinazoingia machoni, ambaye hajawahi kunywa chai kwangu bila kuimwaga. Darasa zima liliweka ile programu kwenye simu zao. Ukikaa nyumbani ukiosha vyombo, unachungulia, unaona: thelathini na saba nukta nane. Ndilo joto linalotakiwa. Walikuwa wakinionyesha kila saa, kana kwamba ni picha ya mchumba.

Lakini kibanda cha bata kiko nyuma kabisa, karibu na mfereji, na intaneti ya shule haifiki huko. Yangu inafika. Nauza vocha za waifai pamoja na tempe, na ndizo zinazonilipia mafuta ya kukaangia. Anggit alinunua vocha ya wiki, akakiunganisha kijidude chake, na kila wiki alikuja kununua nyingine. Vocha yangu haina undugu: ikiisha imeisha, hata mwanangu wa kumzaa anakatwa katikati ya mchezo.

Sasa nimtaje Wa Kardum. Kwetu mtu aliyemzidi baba yako umri unamwita Wa, na huyu anastahili mara mbili, kwa umri na kwa ubishi. Ni mchunga bata. Watu wakishavuna mpunga, yeye huwapeleka bata wake mashambani wakaokote punje zilizodondoka, kutoka kijiji hadi kijiji, na fimbo yenye kitambaa cha plastiki mkononi. Kiangazi kile ugonjwa ukapita. Aliamka akakuta kundi limelala chini, na lililobaki halikujaza hata ua. Hao waliosalia walikuwa wazee. Walitaga mayai yao ya mwisho mwisho, na bata wetu wa mayai ni mama wabaya, wanataga wanaondoka, kulalia hawajui. Wa Kardum akayapanga mayai kwenye kapu la makapi ya mpunga, akalifunga nyuma ya baiskeli, akayaleta shuleni.

Nilikuwapo. Alisimama mlangoni pa kibanda, hataki kuliachia kapu.

"Haya ndiyo bata wangu," alisema. "Wale wa nyumbani wamebaki kunitazama tu. Haya yakiharibika, nauza fimbo. Yatatotolewa?"

"Yatatotolewa, Wa!" likajibu darasa lote kwa pamoja, Turasih akiwemo.

"Mnajuaje?"

Anggit akamwonyesha simu. "Tutayaona hapa, Wa. Hata tukiwa chooni."

"Na yenyewe yatawaona?" Watoto wakacheka. Wa Kardum hakucheka. Akamtafuta Turasih kwa macho, maana ni jirani yake, alimjua tangu akitambaa. "Wewe, mtoto wa Dasuki. Nakukabidhi wewe."

"Nitayaangalia mwenyewe, Wa," akasema Turasih, na masikio yakamwiva.

Basi wakawekeana zamu. Kila siku mmoja anakwenda kuyageuza mayai, kuacha mlango wazi yapoe kidogo, kisha kuyanyunyizia maji, maana yai la bata linataka unyevu kuliko la kuku. Aliyemaliza anapiga picha namba kwenye simu na kuituma kwenye grupu lao. Ndani ya mashine kulining'inia pia kipimajoto cha kioo, cha Pak Rokhim tangu enzi zake za ujana, lakini nani ainame kukisoma na namba iko mfukoni?

Hao watoto wanaijua simu kama wanavyoujua mlango wa kwao. Wanaufungua, wanaufunga, wanaubamiza wakikasirika. Bawaba zimekaaje, hawana habari. Na mimi ni wa hivyohivyo, sijitoi. Nauza waifai na siijui inapitia wapi.

Mayai yalikuwa yameingia wiki ya tatu. Jumapili moja zamu ilikuwa ya Elok, msichana mcheshi, mkarimu wa mikono, ukimpa sukari akutilie kwenye chai utakunywa asali. Alikwenda asubuhi, akafanya kazi yake, akatuma ujumbe: "Nimewageuza, nimewaogesha, bata wanawasalimu." Na picha ya namba. Wenzake wakatuma vidole gumba.

Turasih alikuwa uani kwao, akimenya vitunguu na mama yake. Akaifuta mikono, akaichukua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaangalia. Thelathini na saba nukta nane. Akarudi kwenye vitunguu. Baada ya kitambo akaichukua tena, akarudisha nyuma picha za grupu, moja moja. Haya yote alinieleza baadaye, nami nayaeleza alivyoyaeleza. Kila siku mtu akifungua mlango wa mashine, namba ilianguka hadi thelathini na mbili, kisha ikapanda polepole. Leo Elok amefungua, ameyaacha wazi, amemwaga na maji juu, na namba haikucheza hata kidogo.

Akaandika kwenye grupu: "Elok, uliacha mlango wazi kama kawaida?"

"Kuliko kawaida. Nimewapepea na gazeti."

"Sasa mbona namba haikushuka?"

"Kwani ulitaka ishuke?"

Anggit akaingia: "Bibi Turasih, ikishuka unalalamika, ikikaa unalalamika. Tukuletee uji?"

Vicheko vikajaa. Mtu mwingine angeiweka simu chini, maana darasa zima linasema kuko sawa, na namba inasema kuko sawa. Yeye alipanda baiskeli.

Nilikuwa nimejilaza, Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kunyoosha mgongo. Nikaona kichwa chake dirishani, kinanuka vitunguu.

"Bu Casmi, vocha aliyonunua Anggit inaisha lini?"

"Umekuja Jumapili kuniuliza vocha?"

"Naomba uangalie, Bu."

Nikaangalia, kwa kununa. Ilikuwa imeisha jana. Anggit alikwenda harusini kwa shangazi yake, akasahau. Nikamwambia. Turasih akatazama simu yake, kisha akasema taratibu, kama mtu anayejisomea, "Basi hii namba ni ya jana."

Nilichukua ufunguo wa geti la nyuma, tukaenda karibu tukikimbia, mimi na unene wangu. Kibandani kulikuwa kimya. Feni ile huwa inalia kama mbu, na sasa haikulia. Turasih akafungua kabati: giza. Swichi kubwa ya ukutani ilikuwa imeanguka. Akaipandisha, ikaanguka tena. Maji ya Elok yalikuwa yamechuruzika hadi ndani ya kishikio cha balbu. Mtoto wa watu alikuwa ameyaogesha kwa mapenzi, akafunga mlango, akaenda zake, na umeme ukakatika nyuma ya mgongo wake. Kile kipimajoto cha kioo kilikuwa kimeshuka hata sitaki kusema.

Akachukua yai moja, akaliweka shavuni. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Nilimwambia nitayaangalia mwenyewe," akasema. "Nimeangalia simu."

Nilimshika bega. Moyo uliniuma kwa yule mzee na fimbo yake, na uliniuma zaidi kwa huyu aliyesimama na yai shavuni.

Akampigia Pak Rokhim, aliyekuwa mbali, kwa wakwe zake. Nilimsikia mwalimu kwenye spika akisema, "Ngoja niangalie. Mbona huku inaonyesha vizuri?"

"Ndiyo maana nakupigia, Pak," akasema Turasih.

Kisha mwalimu akasema kwa sauti nyingine, "Yashike. Yana ubaridi wa maji au wa chuma?"

"Wa maji, Pak."

"Basi huenda yapo hai. Vifaranga vya umri huo vinajitia joto vyenyewe kidogo. Yatafutie joto, lolote, ila lisizidi. Mimi naanza safari."

Nikamwambia tuyatie kwenye jiko langu la umeme la kuwekea wali moto. Turasih akanitazama na machozi yake yote. "Bu, unataka kuyachemsha tuuze?" Akazungusha macho kantini nzima, yakatua kwenye deli langu, lile kasha kubwa la plastiki ninalowekea barafu na vinywaji. "Hilo," akasema.

"La barafu? Mayai yamepoa, wewe unayatia kwenye barafu?"

"Hakuna barafu leo, Bu. Ukiweka baridi linatunza baridi. Ukiweka joto litatunza joto. Lenyewe halijui linatunza nini."

Nimelimiliki deli lile miaka nenda rudi, na wazo hilo halikuwahi kunipitia. Nikachemsha maji. Tukayajaza kwenye chupa, tukazifunga kwa sarong zangu za kujifunga kiunoni, tukapanga mayai katikati na kipimajoto cha kioo juu yake. Nikataka kubana mfuniko, akanizuia. "Acha upenyo, Bu. Wanapumua."

"Yai linapumua?"

"Linapumua."

Kipimajoto kilipoanza kupanda, akasimama, akajifuta uso na mkono wa vitunguu, akalia upya kwa sababu nyingine. "Sasa naenda kwa Wa Kardum."

Nikamwambia asubiri. Nikamwambia Pak Rokhim akifika atakwenda yeye, ni mkubwa, anajua maneno. Huenda yote yako hai, kwa nini umchome mzee bure? Ndivyo tunavyofanya kwetu, tunalifunika jambo mpaka lipoe. Turasih akavaa kandambili. "Alinikabidhi mimi, Bu," akasema, akapanda baiskeli.

Walirudi pamoja, mzee mbele, yeye nyuma. Wa Kardum hakunisalimu. Akalitazama deli langu, limeandikwa ubavuni jina la soda.

"Bata wangu wako humo?"

"Wamo, Wa," akasema Turasih.

"Wazima?"

"Sijui, Wa. Tuyamulike."

Tukafunga dirisha la stoo, tukatundika blanketi mlangoni. Turasih akawasha tochi ya simu, akaliegemeza yai juu yake. Ndani kukaonekana mishipa myekundu, na kivuli kikubwa kimejikunja. Kivuli hakikufanya kitu. Tukangoja. Kisha kikatikisika, kidogo sana, kama mtu anayevutiwa shuka alfajiri.

"Huyo," akasema Wa Kardum.

Yalikuwa mengi yaliyotikisika. Yalikuwepo pia yaliyotulia, na kila lililotulia Turasih hakulificha. Alimpa mzee mkononi, na mzee aliliweka upande wake wa kushoto. Upande ule ulizidi kukua, na nilitamani mtoto adanganye hata moja.

"Simu zenu hizi," mzee akasema walipomaliza, "kumbe zina kazi." Akainuka kwa magoti yake, akaenda kukaa kwenye benchi langu, na nikamchemshia kahawa. Aliniambia nisiweke sukari. Hakumlaumu mtu. Alikaa pale akiyatazama mayai yaliyotulia mpaka kahawa ikapoa.

Jioni Anggit akafika na shati la harusi, uso umemshuka. Elok alikuja naye akilia kwa sauti, huyo hana siri. Wakakausha kishikio, wakabadilisha balbu, mashine ikawaka, mayai yakarudi kwao. Nikadhani Turasih atawasema. Hakuwasema. Alimwuliza Anggit swali moja.

"Vocha ikiisha, hiki kijidude kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu. Simu inaonyesha namba ya mwisho iliyopata."

"Na mimi nitajuaje kwamba ni ya mwisho?"

Anggit akaondoa nywele machoni. "Hutajua."

"Ifanye iseme. Kama haijapata namba mpya, iandike kwamba haijui."

"Mashine inayosema haijui? Nani ataitaka?"

"Mimi."

Akaitengeneza. Siku zilizofuata nilikuwa nikiona simu zao zimeandika SIJUI kwa herufi kubwa nyekundu, kila intaneti yangu ilipoyumba, na kila mara mmoja wao aliangusha kikombe chake akakimbia kibandani. Biashara yangu ilipata hasara ya vikombe, lakini nilinyamaza.

Siku ya kutotolewa darasa zima lilikuwepo, na Wa Kardum alikuja tangu asubuhi na kapu lake. Maganda yalianza kupasuka moja baada ya jingine. Walitoka wamelowa, wabaya wa sura, wakalala hoi. Walipokauka wakawa manjano na kelele tupu. Kundi halikuwa kama la zamani, na mayai mengine yalibaki kimya hadi mwisho. Turasih alikuwa ameshamwambia hivyo mapema. Mzee aliwapokea mmoja mmoja, akiwapulizia mgongoni.

Kapu lilipojaa, akasimama mahali palepale aliposimama siku ile ya kwanza. Darasa likajipanga, Pak Rokhim pembeni.

"Hawa watafika mavuno yajayo?" akauliza.

"Watafika, Wa!" likaitika darasa, kwa pamoja, kama lilivyozoea.

Sauti ya Turasih haikuwemo. Mzee alikuwa akiisikiliza hiyo hiyo, nilimwona. Akamgeukia. "Wewe je?"

Turasih akamtazama Pak Rokhim, akatazama chini, masikio yakamwiva kama kawaida yake. "Mimi sijui, Wa," akasema. "Nitakuja kuwaona kila siku nikitoka shule."

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akaacha. Wa Kardum akalifunga kapu nyuma ya baiskeli, akaikaza kamba, akaijaribu kwa mkono kama imeshika.

"Wale bata wangu wazee wametaga tena machache," alimwambia. "Nilidhani niyatie chumvi nile. Kesho nakuletea wewe."